Taarifa ya Bi Mofa

Mume wangu ni karani. Alistaafu miaka minne iliyopita, lakini ukarani haukustaafu naye. Miaka ishirini na saba alikaa kwenye kampuni moja ya kupitisha mizigo bandarini, akijaza karatasi za forodha, na kazi hiyo ilimtia imani moja ambayo mimi nimeshindwa kumtoa: kwamba jambo ni lile lililoandikwa kwenye cheti, na mengine yote ni maneno ya watu. Jina lake ni Ubaid, ila hapa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, wanaolitumia ni wachache. Mimi humwita Ba Sami, kwa mwanetu wa kwanza, naye huniita Mama Sami. Jina langu, Suhaila, alilitaja siku ya ndoa, na tangu hapo huliandika kwenye fomu tu.

Karatasi za forodha zilipohamia kwenye kompyuta, ofisi yao ilibaki na vijana wawili, na wazee wakaagwa kwa chai na keki. Alirudi nyumbani amefura. Wenzake waliostaafu walikwenda barazani kucheza dhumna. Yeye alinunua kompyuta ya mkononi iliyokwisha tumika, akaiweka kwenye meza ya kulia, akaniambia atajifunza hicho hicho kilichomfukuza. Nilicheka. Miezi sita tulikula chini kwenye mkeka kwa sababu meza ilikuwa darasa.

Alijifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwa video, na daftari la jalada jekundu ambalo kila kosa aliliandika pamoja na tarehe yake. Sikutaka kujua, lakini mtu akinena peke yake mezani tangu asubuhi hadi adhuhuri, mwenye masikio atajifunza kidogo. Kwa hivyo najua kwamba kompyuta moja huweza kuiomba nyingine kazi kupitia mtandao, na mlango wa kupitishia maombi hayo huitwa API. Najua kwamba maombi yenyewe huandikwa kwa utaratibu uitwao JSON: mabano mawili ya mkunjo, na ndani yake kila kitu na jina lake, nukta mbili, kisha jibu lake. Ba Sami alipoiona mara ya kwanza alifurahi kama aliyekutana na rafiki wa skuli. Ilikuwa ni fomu ya forodha, alisema, iliyovuliwa mistari.

Yeye ni katibu wa chama cha maziko cha mtaa wetu. Chama kina watu mia tatu na kumi na wawili, na kazi yake ni kuhakikisha mtu akifa anapata sanda, kaburi na watu wa kumswalia. Sisi huzika siku ile ile, kwa hivyo habari lazima ikimbie. Zamani watu walitumwa misikitini kwa miguu. Baadaye yakaja makundi ya simu, lakini nusu ya wazee wetu wana kabambe, simu ndogo zisizojua makundi, na wenye simu kubwa hawasomi kwa wingi wa picha za maua na salamu za Ijumaa. Ba Sami akaamua kila mtu apate ujumbe mfupi wa kawaida. Ipo kampuni inayotuma jumbe hizo kwa maelfu. Wewe unaipelekea JSON yenye maneno na nambari za simu, nayo inasambaza.

Hakufika hapo kwa siku moja. Mara ya kwanza alipeleka fomu yake bila kuieleza Python kwamba ni JSON, na seva, yaani kompyuta ya ile kampuni, ikaikataa. Akatafuta siku mbili, kumbe ni neno moja tu kwenye mstari mmoja, akaandika `requests.post(anwani, json=taarifa)` na seva ikaipokea. Kisha nambari za simu zikapoteza sifuri zake za mbele, kwa kuwa alikuwa akizichukua kama hesabu badala ya kuziandika kama maneno. Hilo nalo akalitatua. Siku aliyopata jibu la mia mbili aliniita kutoka jikoni, mikono yangu ina unga, nije nitazame. Mia mbili ni jibu la seva kwamba imepokea sawasawa. Kwake yeye ilikuwa muhuri wa forodha.

Hapa ndipo nilipomuuliza swali, nami najisifu kwa hilo hadi leo. Fomu yake ilikuwa na jina, mtaa, swala na makaburi. Nikamwambia, "Na jamaa je?" Kwetu tangazo la msiba lina jamaa: babake fulani, nduguye fulani, mkwewe fulani wa sehemu fulani. Hapo ndipo mtu husema, loo, kumbe ni wetu.

"Ujumbe mmoja ni herufi mia na sitini," akasema. "Ukizidi wakatwa vipande viwili, na pengine cha pili chatangulia. Jamaa wajijua wenyewe."

"Na jina utaandika lipi?"

"Lipi tena, Mama Sami? La kwenye kitambulisho."

Taarifa tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Wote watatu walikuwa wanaume, na wanaume majina yao hujulikana msikitini na kazini. Ba Sami akapongezwa. Alitembea mtaa mzima kifua mbele.

Wa nne alikuwa Bi Mofa.

Bi Mofa alikaa nyumba ya tano kutoka kwetu, chumba cha chini chenye tanuri la udongo uani. Miaka arobaini alichoma mikate ya mofa, na hakuna mtoto wa Kibokoni aliyekua bila kutumwa kwake alfajiri. Aliolewa utotoni, akaachwa, hakuzaa. Kwa hivyo hakuwa Mama Fulani. Alikuwa Bi Mofa, basi. Nduguye aliyebaki ni mmoja, Faraj, fundi magodoro wa Majengo, waliyechangia mama. Bi Mofa ndiye aliyemlea. Ulipomshika ugonjwa wa mwisho nilikuwa nikimpelekea uji, na siku moja alinishika mkono akanambia, "Mimi sina mume, Suhaila, wala sina mwana. Nina Faraj. Nikifa, yeye ndiye anishike kunitia ndani. Sitaki mikono ya ntu mwengine."

Asiyezijua desturi zetu aelewe kwamba maiti wa kike huteremshwa kaburini na maharimu wake, yaani mwanamume ambaye hangeweza kumuoa: baba, mwana, ndugu. Asipokuwapo, sheria inaruhusu watu wema wengine. Lakini Bi Mofa alikuwa naye, na aliomba jambo hilo moja tu. Nilimuahidi.

Alikufa Jumatatu baada ya swala ya alfajiri. Saa mbili Ba Sami alikuja mlangoni kwa Bi Mofa, akapewa kitambulisho cha marehemu, akaenda kutafuta kibali cha maziko. Saa tatu na nusu alikirudisha kitambulisho, akaniambia kwa haraka taarifa imeshatoka, maziko ni baada ya alasiri, makaburi ya Kikowani. Nilimuuliza kama Faraj ameambiwa.

"Faraj ni mwanachama," akasema. "Imefika kwake kama ilivyofika kwa wote."

Nikatulia. Simu ya Bi Mofa ilikuwa imeingia maji mwezi uliopita, hatukuwa na nambari yoyote mkononi, na kulikuwa na kazi ya kufanya. Tulikuwa wanawake wanne. Tukachemsha maji, tukamuosha, tukamvisha sanda.

Ilipofika saa sita ndipo nilipoanza kuona ajabu. Nyumba ya msiba ya Mji wa Kale, saa kama hizo, haina pa kuweka mguu. Sisi tulikuwa wanne vile vile. Nje pale barazani palikaa wazee wawili, na mmoja alikuwa amekuja kwa sababu anakaa mlango wa pili. Faraj hakuonekana. Nikasema moyoni, watu wamekuwa wabaya kiasi hiki? Mikate wameila miaka arobaini, leo hata kuja kukaa kidogo imewashinda. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka.

Nikatoa simu mkobani nitazame saa. Palikuwa na ujumbe: "Tanzia. Mwanakuu Salim Said wa Kibokoni amefariki. Maziko leo baada ya alasiri, Kikowani. Chama cha Maziko."

Na mimi, niliyekuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwa maiti, nikasoma kwa sauti nikasema, "Innalillahi, jamani, leo misiba ni miwili. Mwanakuu ndiye nani?"

Wenzangu wakatazamana. Hakuna aliyemjua. Mmoja akasema huenda ni wale watu wapya wa nyumba ya ghorofa. Tukamuombea.

Sijui ni nini kilichoniinua kwenda rafuni kilipowekwa kile kitambulisho. Nilikiinua nikakisoma. Mwanakuu Salim Said. Picha ilikuwa ya Bi Mofa.

Ndipo nikakumbuka. Aliwahi kunisimulia, akicheka. Alipozaliwa aliitwa Mwanakuu, lakini akawa mtoto wa homa, haponi, hadi mwalimu wa chuo cha Kurani akasema jina limemuelemea, abadilishwe. Akaitwa Aida, akapona. Faraj alizaliwa miaka tisa baadaye, kwa baba mwengine, naye akamjua dadake kwa jina la Aida tu. Cheti cha kuzaliwa hakuna aliyekigusa. Miaka ikapita, serikali ikatoa kitambulisho kwa kufuata cheti. "Serikali yanijua kwa jina la kitoto kigonjwa," alisema. Mtaa ulimjua kwa mkate wake, nduguye alimjua kwa Aida, na mume wangu alikuwa ametangaza kifo cha mtu asiyejulikana na yeyote.

Nilivaa buibui nikatoka karibu mbio. Nilimkuta mezani, ametulia, kikombe cha kahawa kando.

"Ba Sami, umetangaza nani?"

"Bi Mofa. Nani tena?"

"Ujumbe wako hauna Bi Mofa. Hauna hata mofa. Ni nani amjuaye Mwanakuu?"

"Ndilo jina lake." Akanigeuzia kioo. "Tazama mwenyewe. Mia mbili. Imefika kwa watu mia tatu na kumi na wawili."

"Imefika! Hata kwangu imefika! Mimi nilikuwa nimemuosha kwa mikono yangu na sikujua ni yeye! Nyumba ni tupu, Ba Sami. Faraj hayupo. Wataka azikwe na nani, na mia mbili yako?"

Sikuwa nimepata kumpigia kelele namna ile katika miaka thelathini na moja. Akausoma tena ujumbe wake, polepole, midomo ikisogea, nami niliona uso ukimbadilika. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nimemficha," akasema. "Wallahi nimemficha ntu asijulikane na watu wake."

Kwanza tulimpigia Faraj, nambari ikiwa ndani ya orodha ya chama. Simu ilikuwa imezimwa. Ba Sami akamtuma jirani kwa pikipiki hadi Majengo. Kisha akaketi, na safari hii mimi nikavuta kiti nikakaa karibu yake. Kwenye fomu yake akaongeza vitu viwili, anajulikana na jamaa, na mimi nikawa namsomea cha kuandika:

`"jina": "Mwanakuu Salim Said"`
`"anajulikana": "Bi Mofa (Aida), mchoma mikate wa Kibokoni"`
`"jamaa": "dadake Faraj fundi magodoro wa Majengo"`

"Herufi zazidi," akasema.

"Ziache zizidi."

Akatuma. Seva ikakataa. Si mia mbili tena. Ni mia nne na tisa. Nikadhani mtandao umekatika, lakini yeye alijua mara moja. Kila taarifa aliipa nambari ya kumbukumbu ili isitumwe mara mbili kwa bahati mbaya, na kwa ukarani wake nambari hiyo ilikuwa ile ile ya kitambulisho cha marehemu. Seva ilikuwa ikimwambia: huyu umeshanipa. Akaongeza kistari na mbili mwisho wa nambari, akatuma tena, na ile mia mbili ilipotokea hakuniita nije niitazame. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini.

Hata sijafika mlangoni kwa Bi Mofa, simu yangu ilikuwa inalia. Ni mwanamke wa mtaa wa Kuze, analia na kunilaumu pamoja: mbona hamkusema ni Bi Mofa? Akaja mwengine, na mwengine. Kufikia saa nane ua ulijaa, ngazi zikajaa, na viatu vilipangana hadi nje barabarani. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, alisimama mlangoni akilia kwa kuwa asubuhi ile ujumbe wa kwanza aliufuta bila kuumaliza.

Faraj hakuja. Aliyetumwa Majengo akapiga simu kwamba karakana imefungwa na majirani hawajui alikokwenda. Alasiri ikaadhiniwa. Bi Mofa akachukuliwa msikitini, akaswaliwa na safu zilizofika nje kwenye mawe, na jeneza likaelekea Kikowani. Sisi wanawake hatwendi makaburini. Tulibaki tukisoma, na mimi sikuweza kusoma. Kila herufi ilikuwa inaniuliza ahadi yangu.

Yaliyobaki nimeyapata kwa Ba Sami.

Siku ile Faraj alikuwa amebeba magodoro sita kwenda Tudor, nyumba moja ya kulaza wageni. Simu yake ilikuwa imekwisha chaji tangu saa nne. Mwenye nyumba anaitwa Bassam, naye ni mwanachama wetu, lakini ana tabia ya kuweka simu ndani wakati wa kazi. Walipomaliza kupandisha la mwisho akaingia kuitazama, akatoka nayo mkononi, akasoma mara mbili, kisha akamuangalia yule fundi aliyekuwa akijikung'uta sufi ya magodoro.

"Faraj," akamuuliza, "dadako ni yule Bi Mofa wa Kibokoni?"

Kikowani kaburi lilikuwa tayari. Imamu alisubiri, akasubiri, kisha akasema hawawezi kumweka maiti juani. Watu wawili wema wakakunja suruali zao. Ba Sami alikuwa amesimama langoni, anatazama barabara, na anasema hajapata kuomba jambo kama alivyoomba lile. Tuktuk ikaingia kwa kasi. Faraj akaruka kabla haijasimama. Alishuka kaburini na sufi ingali kichwani na kwenye nyusi, akanyoosha mikono, wakampa dadake.

Baada ya talkini, kaburi lilipokwisha fukiwa, alikuja kwa Ba Sami. Mume wangu alijitayarisha kutukanwa, na aliniambia angetukanwa angeshukuru. Faraj hakumtukana.

"Ile ya asubuhi niliisoma," alimwambia. "Nilikuwa nashona. Nikasema, Mwanakuu, Mungu amrehemu, natumai ana watu wake. Nikaendelea kushona."

Ba Sami alinisimulia hayo amekaa kitandani, hajavua kofia. Hakula. Nilitaka kumwambia nilimuonya, maana nilimuonya, na mimi si mtu wa kuacha jambo kama hilo lipite bure. Lakini nilimuona alivyo, nikamwekea mkono mgongoni tu.

Tangu siku ya hitima yuko mitaani. Nyumba baada ya nyumba, daftari jekundu mkononi, anamuuliza kila mwanachama maswali matatu: kitambulisho chakuita nani, watu wakuita nani, na wako ni nani. Programu ameibadilisha. Sehemu yoyote kati ya hizo ikiwa tupu, haitumi. Wanaume wengine humcheka kwa kuuliza majina ya wake zao. Yeye huketi na kusubiri hadi wajibu. Jina langu ameliandika akilitamka kwa sauti mbele ya baraza zima, na wazee wakainamisha macho.

Juzi alikwenda Majengo, na mimi nikafuatana naye kwa kuwa nina godoro la kujazwa upya. Faraj alitukaribisha juu ya gunia la sufi. Kitambulisho, akatoa. Watu wakuita nani? Fundi Faraj. Alipofika kwenye jamaa, Faraj aliacha kushona. Mke wake alikufa zamani, na hakupata mtoto. Sindano ilikuwa mkononi, hajaichoma.

"Andika nduguye Bi Mofa," akasema.

Ba Sami akaandika.

"Na nduguye Aida."

Akaandika.

"Na nduguye Mwanakuu. Huyo nilimwombea kama ntu baki. Mtie."

Mume wangu, ambaye huhesabu herufi hata za kadi ya harusi, aliandika yote matatu wala hakuhesabu.